Pipi Haitafunwi

Alhamisi, tarehe saba Novemba. Mawingu yalitanda tangu asubuhi, joto likawa la kunata, na mvua ilitishia siku nzima bila kudondosha hata tone. Dirisha la chumba cha mahojiano lilikuwa limevimba kwa unyevu, likagoma kufunguka. Feni tuliizima, kwa sababu sauti yake huingia kwenye kinasa sauti na kuwafanya watu wote wasikike kama wanaongea ndani ya mashine ya kusaga nafaka. Mlango ukaachwa wazi kidogo, ukazuiwa kwa kamusi.

Siku hiyo Kipaza alikuwa anafanya jaribio la mahojiano kwa mara ya tatu. Kanuni za idara yetu zinasema mwanafunzi wa uzamivu akishindwa jaribio hilo mara tatu anafutwa masomo, na hakuna pa kukata rufaa.

Kipaza si jina lake. Ni kifupi cha kipaza sauti. Jumatatu hadi Ijumaa ni ofisa wa ustawi wa jamii. Jumamosi ni mshereheshaji wa harusi, na huko ndiko jina lilikompata. Ni mtu mrefu, mwenye kifua kipana na sauti inayofika mahali kabla ya miguu yake. Watu wanampenda. Nimemwona kwa macho yangu akiziweka meza moja koo mbili zisizosalimiana, na kabla keki haijakatwa zilikuwa zinacheza pamoja. Lakini kila kipawa kina kero yake. Aliwahi kuombwa asome ratiba tu msibani, ratiba peke yake, na waombolezaji wawili wakajikuta wanapiga makofi.

Sababu ya mtu kama huyo kutaka shahada ya uzamivu ilianzia ofisini kwake, kwenye benchi la wanaosubiri. Kila Jumatatu alikuja mzee mmoja aliyekuwa anaishi kwa mwanawe. Anakaa, anaitwa, anaingia, anaulizwa ana shida gani. Anajibu, "Sina shida, mwanangu," anaaga, anaondoka. Jumatatu inayofuata yuko pale pale kwenye benchi. Baadaye mzee akafariki, na hakuna aliyejua alikuwa anafuata nini. Kipaza alilibeba jambo hilo moyoni. Akakataa uhamisho wenye cheo, akajiandikisha kusoma jioni, na mada yake ya utafiti ikawa hiyo: wazee wanaoishi kwa watoto wao wanaishi vipi, na kwa nini hawasemi.

Kazi yangu katika idara ni kusikiliza rekodi za wanafunzi hawa na kuziandika neno kwa neno, pamoja na vikohozi na pale waliponyamaza. Kwa hiyo namfahamu Kipaza kwa masikio zaidi ya wengi.

Somo la mbinu za utafiti linafundishwa na mwalimu ambaye wanafunzi humwita Mama Kimya. Ni mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na akikuuliza jambo hukutazama bila kupepesa mpaka utoe hata usichoulizwa. Karani wa idara alipoulizwa na yeye "Habari za nyumbani?" kisha akatazamwa hivyo, alieleza ugomvi wake wote na wifi yake. Mama Kimya hufundisha kwa maneno machache. "Swali likishatoka mdomoni si mali yako tena. Liache lifanye kazi." Na kwa kuwa wasomi wengi hawawezi kuacha, hutembea na kopo la pipi ngumu za limau. Uliza, tia pipi mdomoni, subiri iyeyuke. "Pipi haitafunwi," huwaambia kila darasa jipya. "Anayetafuna pipi anamharakisha mwenzake."

Wengi hufaulu mara ya kwanza, hasa wale waoga. Wako wanaohangaika. Mmoja aliyewahi kuwa hakimu alimwambia mhojiwa asimame wima na ataje umri wake. Lakini Kipaza alikuwa na ugonjwa wa peke yake: hakuweza kuuliza swali bila kulijibu.

Siku moja darasani Mama Kimya alitaka kila mtu atoe mfano wa swali ambalo hajui jibu lake. Kipaza akasimama.

"Mwalimu, nyumbani kwangu kuna chungu cha maua chini ya dirisha la mama mkwe wangu. Sisimizi wamejaa pale mwaka mzima! Vyungu vingine havina hata mmoja. Je, kwa nini?"

"Vizuri sana," Mama Kimya akasema. "Keti."

"Ni hali ya hewa, mwalimu."

"Nimesema keti."

Jaribio la kwanza alimhoji dereva mstaafu anayeishi kwa binti yake. Swali la kwanza la Kipaza, nilipolichapa, lilijaza ukurasa mzima na kumwagikia wa pili. Ndani yake mlikuwa na salamu, kichekesho, historia fupi ya uzee duniani, na majibu matatu ya kuchagua, moja akilipigia debe. Dereva akasema, "Hilo la kati." Baada ya maswali kadhaa ya namna hiyo niliandika: *mhojiwa anakoroma*. Kipaza aliendelea mpaka mwisho.

Jaribio la pili lilikuwa na bibi mmoja mchangamfu. Bibi alisikiliza swali lote, akavuta pumzi, akauliza, "Sasa mwanangu, nikujibu au nikupigie makofi?" Safari hiyo Kipaza alikuwa na pipi, na alijitahidi kweli. Lakini alizitafuna. Kwenye rekodi inasikika kama mtu anatembea juu ya kokoto, na kila ikivunjika moja, bibi anakatiza sentensi yake na kusema, "Ndiyo, ndiyo, namalizia." Kwenye karatasi ya matokeo Mama Kimya aliandika: "Mwanafunzi amejihoji mwenyewe kwa ufanisi mkubwa." Chini yake akaongeza sharti la mara ya tatu, na Kipaza akalitia saini. Makosa ni ya aina tatu: kumjibia mhojiwa, kumkata kauli, na kujitetea. Kutafuna pipi kutahesabiwa kuwa ni kumkata kauli. Makosa matatu kwa jumla, na safari imeishia hapo.

Mhojiwa wa tatu alipaswa kuwa fundi saa mstaafu. Asubuhi ya siku yenyewe akatuma ujumbe kwamba hatakuja, anakwenda kung'oa jino. Kipaza akampigia.

"Mzee wangu, jino si lingesubiri mpaka kesho?"

"Jino haliumi, kaka," fundi saa akajibu. "Ila nimeona ni afadhali."

Haya alinisimulia Kipaza mwenyewe akiwa amesimama mlangoni kwangu, jasho linamtiririka, simu mkononi, spika yake imewashwa. Mkewe, ambaye ni muuguzi na mtu wa maneno ya kuhesabu, alikuwa upande wa pili wa simu.

"Mchukue mama," mkewe akasema.

"Mama hasemi! Miaka yote anayokaa kwetu nimemsikia akisema 'sawa' na 'haya'."

"Umewahi kumuuliza?"

Kipaza alikaa kimya kidogo. Nikamtazama, maana ilikuwa ajabu.

"Mlete," akasema.

Mama mkwe aliwasili ameshikwa mkono na binti yake. Mwanamke mdogo wa umbo, sweta limefungwa vifungo vyote katika joto lile, mkoba mweusi kifuani. Mumewe alipofariki ndipo alipohamia kwa binti. Kipaza alikuwa na kawaida ya kumtaja harusini: "Mabibi na mabwana, mimi nina mama mkwe ambaye ni dhahabu. Hajawahi kunipinga hata siku moja!" Na watu humpigia makofi mama huyo asiyekuwepo.

Mama Kimya hakupenda. "Kwenye utafiti wenyewe nisingekuruhusu kumhoji mkweo," akamwambia Kipaza. "Kwenye jaribio, kanuni haikatazi. Inasema tu awe mzee anayeishi kwa mtoto wake. Lakini usije ukasema sikukuonya." Kisha akamgeukia mama na kumsomea haki zake, kama tunavyomsomea kila mhojiwa. "Mama, una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuondoka wakati wowote. Na huyu hatakasirika."

"Hatakasirika?" mama akauliza.

"Haruhusiwi."

"Na hatanijibu?"

"Akikujibu anafeli."

Mama mkwe akauweka mkoba mapajani. "Kunyamaza nimeshanyamaza," akasema. "Tuanze."

Binti yake akatoka, akaketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya ule mlango uliozuiwa kwa kamusi. Mama Kimya akakaa pembeni na kopo lake. Mimi nikavaa vifaa vya masikioni na kuwasha kinasa sauti. Kipaza akajifuta uso, akasogeza kiti.

"Mama, tungependa utueleze maisha yako katika nyumba ya mwanao. Ni mazuri, sivyo? Maana—"

Mama Kimya akainua kidole kimoja. Kosa la kwanza, na hata kiti hakijapata joto.

Kipaza akatia pipi mdomoni. Akashika kingo za kiti kama mtu aliyepanda mashua asiyejua kuogelea.

"Nieleze maisha yako nyumbani," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaishia hapo.

Mama mkwe alitazama meza, akatazama dirisha, akatazama mkoba wake. Muda ulikuwa mrefu. Kipaza shavu lilimtuna kwa pipi. Niliona mshipa wa shingo yake ukicheza.

"Nalala vizuri," mama akaanza. "Nakula vizuri. Chumba changu kina jua la asubuhi." Akanyamaza tena. Kipaza akanyamaza. "Sema asubuhi natangazwa."

"Unatangazwa," Kipaza akasema taratibu. Hilo linaruhusiwa, kurudia neno la mhojiwa.

"Nikitokeza tu kwenye meza ya chai. 'Mabibi na mabwana, simameni, mama anaingia!' Mezani yuko binti yangu, mjukuu, na huyo anayetangaza. Mjukuu anapiga makofi. Na mimi sijapiga hata mswaki."

Nje ya mlango nikasikia mtu akikohoa kicheko. Kipaza alitoa tabasamu la mtu anayekanyagwa kidole.

"Niambie zaidi, mama."

"Zaidi ipo," akasema, na sasa alikuwa ameegemea kiti. "Mwaka juzi nilikuwa naumwa tumbo. Mkwe wangu akanipeleka hospitali. Moyo wake ni mzuri, hilo niliweke wazi, liandikwe." Akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba limeandikwa. "Tumefika kwa daktari. Daktari ananiuliza, mama, shida nini? Nafungua mdomo. Mkwe wangu anasema, 'Daktari, mama ni magoti. Magoti yanamsumbua, umri umekwenda, unajua tena.' Nikaandikiwa dawa ya magoti."

"Mama, lakini siku ile ulikuwa unachechemea!"

Kidole cha pili kikapanda. Kujitetea. Kipaza akajipiga kibao mdomoni, kibao cha kweli, kiko kwenye rekodi.

"Nilikuwa nachechemea kwa sababu ya tumbo," mama akaendelea bila wasiwasi. "Dawa nikazinywa, ningefanyaje. Tumbo likapona lenyewe. Lakini magoti yangu! Hamjaona magoti mazuri kama haya kwa mwanamke wa umri wangu."

Mama Kimya aliinama kutafuta kitu chini ya kiti, na alikaa huko kitambo.

Hapo maji yalikuwa yamemfika Kipaza shingoni. Kosa moja tu lilikuwa limebaki kati yake na miaka yote ile ya kusoma jioni. Harusini alikuwa ameanza kujitambulisha kama daktari mtarajiwa, na utarajiwa huo sasa ulikuwa unategemea ulimi wake. Akatia pipi nyingine. Akauliza swali alilokuwa ameliandaa kwa fundi saa, na nadhani aliliuliza kwa sababu tu lilikuwa fupi.

"Kuna siku ulitaka kusema jambo, ukashindwa?"

Mama mkwe alianza kufungua kifungo cha juu cha sweta, akakifunga tena.

"Siku ya harusi yenu," akasema.

Nilikuwepo kwenye harusi ile. Kipaza alimkodi mshereheshaji, rafiki yake, akavumilia mpaka maharusi walipoingia. Kisha akasema rafiki huyo anawapooza wageni, akamnyang'anya kipaza sauti, akaendesha harusi yake mwenyewe, bwana harusi akiwa amevaa suti nyeupe na kumkaribisha bwana harusi.

"Kulikuwa na nafasi ya mama wa bibi harusi kusema," mama akaeleza. "Iko kwenye ratiba. Nilifanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Baba yao, Mungu amrehemu, alikaa kitandani ananisikiliza. 'Punguza hapo. Hapo paza sauti.' Siku ikafika. Huyu bwana akasema, 'Mama wa bibi harusi, simama!' Nikasimama. Akasema, 'Mnamwona? Mama ana furaha mpaka amekosa maneno! Mpigieni makofi!' Makofi yakapigwa. Muziki ukawekwa." Akainua mabega. "Nikakaa. Maneno nilikuwa nayo."

Chumbani kulikuwa na joto kama jikoni. Kipaza alikuwa ametoa macho. Mdomo wake ulifunguka, nami nikajisemea basi, imekwisha. Ukafungwa. Ukafunguka tena.

"Ungesema nini?" akauliza kwa sauti ambayo sikuijua. Ilinibidi niongeze kiwango cha sauti kwenye mashine.

Mama mkwe akasimama. Akaushika mkoba kwa mikono miwili mbele yake, akaukabili ukuta wenye ratiba ya vipindi.

"Ndugu wageni waalikwa," akasema, na mimi na Mama Kimya tukajikuta tumekaa wima. "Mimi si msemaji. Huyu binti yangu alichelewa kuongea. Wenzake wanaimba, yeye yuko kimya. Majirani wakasema mtoto bubu huyo, mpelekeni kwa wataalamu. Baba yake akasema mwacheni, anachagua. Siku alipoanza, alianza na sentensi nzima. Alisema, 'Mama, maji haya ni ya moto mno.' Hajawahi kurudi nyuma tangu siku hiyo, lakini bado anachagua. Basi mkwe wangu, leo nakukabidhi mtu anayechagua maneno. Akinyamaza, usidhani amemaliza. Ahsanteni sana. Naomba tuendelee kula."

Akakaa.

Hakuna aliyetikisika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe uliokuja ulikuwa mdogo sana: *kruu*. Sauti ya pipi kuvunjika. Niliisikia vizuri masikioni.

Kipaza alikuwa amefunga macho. Ilipita dakika nzima ndipo akauliza swali la kufungia, ambalo ni lazima kila mwanafunzi aliulize. "Mama, kuna jambo ambalo sikukuuliza?"

"Lipo," mama akasema. "Tangu nimekuja kwenu, hujaniuliza hata mara moja chai naitaka vipi."

"Unaitaka vipi?"

"Hilo si la kwenye mashine. Niulize nyumbani."

Nikazima.

Kwa kanuni, mtahini wa pili haingii chumbani. Yeye husikiliza rekodi tu, ili asipendelee sura ya mtu. Mtahini huyo ni mkuu wa idara, mtu mwema anayependa kwenda nyumbani mapema. Alikuja, akavaa vifaa vya masikioni, akasikiliza akiwa amesimama, na tulikuwa tunajua alipofika kwa jinsi alivyocheka kwenye magoti. Kisha akaacha kucheka. Kisha akavua vifaa.

"Kazi nzuri," akasema. "Inasikitisha. Makosa mawili ya mwanzo mmeyaandika. La tatu lipo hapa, mara tu baada ya hotuba. Ametafuna. Mmekubaliana kwa saini kwamba kutafuna ni kumkata mtu kauli."

Kipaza alikuwa amesimama kando ya mlango. Mkewe alikuwa ameingia na kumshika mama yake mkono. Wote walimtazama Kipaza.

Hapo ningetegemea hotuba. Mtu aliyewahi kuongea nusu saa kumtetea mpishi aliyeunguza wali wa harusi sasa alikuwa anafutwa masomo kwa sauti ya pipi. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akasimama tu, kifua kinapanda na kushuka, akamtazama mkuu wa idara. Halafu akamtazama Mama Kimya, bila kupepesa, kama alivyofundishwa.

"Sema basi, baba!" mama mkwe akamwambia. "Siku yako ya kusema ndiyo hii!"

Kimya.

Mkuu wa idara akajikuna shingo. Karani aliyekuwa anapita ukumbini akasimama kuona kulikoni. Mama Kimya akaivua miwani, akaivaa, akaivua. Nilimwona akihangaika kama walivyohangaika wote waliowahi kukaa mbele yake.

"Ni mimi," akasema.

"Samahani?" mkuu wa idara akauliza.

"Pipi. Nimeitafuna mimi." Akalifunika kopo lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Alipofika kwenye maji ya moto nilikuwa sawa. Aliposema 'usidhani amemaliza', ikavunjika. Sijui ilivunjikaje. Nimefundisha somo hili tangu nikiwa sina mvi, na sijawahi."

Mkuu wa idara akamgeukia Kipaza. "Na wewe, pipi yako iko wapi?"

Kipaza akatoa ulimi. Ilikuwa juu yake, nyembamba kama ukucha, nzima.

"Mbona hukusema muda wote huu?"

"Sikuwa na hakika kama jaribio limekwisha," Kipaza akajibu kwa shida, asije akaivunja. "Kujitetea ni kosa."

Basi wakatia saini. Mama Kimya akaandika maoni yake kwenye karatasi, mafupi kuliko mara zote: "Amesubiri." Mama mkwe akaomba pipi moja, akapewa, akaitafuna pale pale kwa meno ambayo nayo hayana tatizo lolote. Walipokuwa wanateremka ngazi nilimsikia muuguzi akimwambia mama yake, "Sikujua kama ulikuwa na hotuba." Mama akasema, "Nilikuwa nayo." Kipaza alikuwa nyuma yao, amebeba mkoba, hasemi lolote. Hata mlinzi wa lango alimwuliza kama anaumwa.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na jua kali, kana kwamba mawingu ya jana yalikuwa ya nchi nyingine. Nilipofika langoni nilikuta foleni ya magari, na mbele kabisa gari dogo la Kipaza, mlango uko wazi. Mwenyewe alikuwa amemshika mlinzi bega. Alikuja kuwasilisha fomu yake iliyotiwa saini.

"...nikasimama mlangoni kwa mama na kikombe kitupu," alikuwa anasema, na sauti yake ilifika mpaka kituo cha basi. "Sijatangaza! Nimebisha hodi kama mtu. Nikamwuliza, mama, chai unaitaka vipi? Nikanyamaza. Bwana wee, alinitazama! Alitandika kitanda kwanza. Akakunja shuka. Akafunga sweta. Mimi nimesimama tu. Ofisini nimeshachelewa, sijali. Ndipo akasema, 'Bila sukari.' Bila sukari! Na mimi kila alfajiri, kabla ya meza ya chai, namjazia vijiko, nampelekea mpaka chumbani kama malkia. Nikamwuliza, sasa ile yote ulikuwa unaipeleka wapi? Akaonyesha dirisha kwa kidevu."

"Kaka—" mlinzi akasema.

"Subiri, sijafika patamu. Nikachungulia dirishani. Nini kipo chini? Chungu cha maua! Unajua sisimizi wale nimewapulizia dawa mara ngapi?"

"Kaka, nilitaka tu—"

"Nilimwambia mwalimu ni hali ya hewa! Mbele ya darasa zima!"

Nyuma yangu mkuu wa idara alipiga honi. Mlinzi akatazama foleni, akamtazama Kipaza, akafungua mdomo tena. Alikuwa anataka kumwambia kwamba gari lake limeziba lango.